Neti Niliyoshona kwa Baba Mdogo

Baba mdogo Elirehema tulimzika Alhamisi, kando ya tuta la bwawa la kijiji kule Nduruma, na nikikumbuka wasifu waliomsomea damu inanichemka mpaka sasa. Joi, binti yake mkubwa, alisimama na karatasi mbili mbele ya turubai lililojaa watu, akasoma kwamba marehemu alikuwa mfugaji wa mfano, mzee wa kanisa na mtunzaji wa bwawa letu. Mtunzaji! Niliguna kwa nguvu hadi mama aliyekaa pembeni yangu akanigeukia akidhani nalia, akanipa leso yake. Niliipokea, nikajipangusa macho makavu, nikaendelea kulitazama lile bwawa nyuma ya jeneza. Maji ya kahawia, hayana ndege hata mmoja. Halafu mwongoza ratiba akatangaza kwamba baada ya kwaya, atakayetoa salamu kwa niaba ya waliolelewa na marehemu ni mimi, fundi Elinami wa Kwa Mrombo, kwa kuwa nilikaa naye mwaka mzima na yeye ndiye aliyenipa kazi ya mikono. Hakuna aliyeniuliza kama nataka. Nilibaki pale kwenye kiti cha plastiki, kwaya ya akina mama inapanga mistari, na mwaka wote ule ukanirudia.

Ya nyumbani kwetu na kwa nini nilipelekwa kwa baba mdogo nayaacha, hayamhusu mtu. Nilikuwa binti wa miaka kumi na tisa. Nilipewa stoo, chumba cha mbao kilichobanwa kati ya sebule na banda la kuku, chenye dirisha moja lisilo na kioo, magunia ya pumba hadi darini na kitanda cha kamba. Katikati ya chumba ilikaa cherehani ya miguu ya mama mdogo, ya zamani lakini inaimba. Mama mdogo hakuwa anaitumia, mgongo ulimkataa. Siku ya kwanza tu baba mdogo aliigonga gonga kichwani kama mtu anayempongeza ng'ombe, akasema, "Ukifanya kazi vizuri mwaka huu, mwakani unaondoka nayo." Mama mdogo alikuwa mlangoni na beseni la kunde. Alinitazama kuanzia miguuni kwenda juu, na tangu siku ile chai yangu ilianza kuja bila maziwa. Jamani, nyumba yenye ng'ombe watatu! Nikinywa ile chai ya rangi mbele yao, nilikuwa nainywa kwa kelele makusudi.

Baba mdogo alifuga kuku wa mayai, na mayai yake yaliuzwa madukani Kimandolu. Chakula cha kuku kinataka dagaa, na dagaa waliokuja kutoka ziwani walifika Arusha wamechanganywa na mchanga hadi kuku wenyewe wanasusa. Alilalamika juu ya mchanga huo kila mlo, makande yakiwa mdomoni. Mpaka siku moja, mvua za masika zimekatika, akarudi kutoka bwawani na ndoo, akaimwaga juu ya meza yangu ya kushonea, juu ya kitambaa cha watu. Vidagaa. Virefu kama kidole cha mtoto, vyeupe tumboni, vinarukaruka. "Bwawa limejaa hivi," akasema. "Na hakuna anayevitaka."

Hapo alisema kweli, na hapo ndipo penye kosa letu sote. Kwa watu wa kule wakati ule samaki hakuwa chakula cha heshima. Waarusha walioshuka kunywesha ng'ombe walisema samaki ni ndugu yake nyoka, na walitema mate kabisa. Sisi Wameru wachache tulishajifunza kula perege na kambare, lakini awe mkubwa, amekatwa kichwa, amekaangwa hadi asahau alikotoka. Vile vidogo havikuhesabiwa kuwa samaki. Havikuwa na jina. Watu waliviita wadudu wa maji, kama viluwiluwi. Kwa hiyo baba mdogo alipoomba ruhusa ya kuvitoa, wazee wa kijiji walicheka na kumwambia achukue vyote, atawasafishia maji. Alinunua mjini mzigo wa vyandarua vikuukuu, akaniletea stooni, nikaanza kuunganisha. Nilishona wiki mbili. Matundu niliyaziba kwa vipande vya shela, chini nikafunga mawe, juu nikafunga vipande vya ndala ili neti ielee. Nilijivuna nayo, sitadanganya. Ilipokunjuliwa kwenye tuta mara ya kwanza ilikuwa ndefu kuliko kanisa, na watu walipiga makofi.

Mtu mmoja tu hakupiga makofi, naye alikuwa mtu ambaye hakuna aliyempenda. Mzee Magesa alitoka Ukerewe, alikuja zamani kuendesha mashine ya maji kwenye shamba la mkonge, shamba likafa, yeye akabaki. Alijenga kibanda upande wa pili wa bwawa na aliishi kwa kuvua kambare kwa ndoana. Kila asubuhi alichota vidagaa vichache kwa kopo la mafuta ya kupikia, akavitumia kama chambo, na jioni alikuwa na kambare wawili watatu wa kuwauzia watu wa barabarani. Alikuwa na mdomo mchafu kuliko wote niliowahi kuwasikia. Ukimwamkia, "Shikamoo mzee," anakujibu, "Marahaba, pita huko, unawafukuzia samaki." Sisi wote alituita wala ndizi. Alimpiga mbwa wa jirani kwa kasia, alimtukana mwinjilisti aliyemwalika ibada. Nami sikumpenda. Nayasema haya mapema msije mkadhani nilimwonea huruma yoyote.

Siku ya tatu ya kuvuta neti alivuka bwawa kwa mtumbwi wake, akashuka na kisu mkononi. Wanaume wanne walikuwa wanavuta, baba mdogo anaelekeza, mimi nimetandaza turubai la kuanikia. "Hilo ni kokoro!" alipiga kelele. "Kwetu ukikamatwa na kokoro la chandarua wanalichoma moto na wewe unalala ndani!" Baba mdogo akamjibu kwa upole ule wake wa kanisani uliokuwa unaudhi kuliko matusi: "Mzee wangu, sisi hatugusi samaki wako. Tunatoa takataka tu." Magesa akachota kiganja cha vidagaa kutoka kwenye turubai langu, akamsukumia usoni. "Takataka? Kambare anakula nini, pumba zako? Yule ndege pale anakula nini?" Akaonyesha mdiria, yule ndege wa madoa meusi na meupe anayesimama hewani akipigapiga mabawa kabla hajajitupa majini. Wanaume wakacheka. Mmoja akasema, "Mzee anawatetea ndege, labda ni shemeji zake." Magesa aliinama akaipasua neti kwa kisu, mpasuo wa hatua tano, akarudi kwenye mtumbwi wake. Macho yake yalikuwa mekundu kwa machozi ya hasira. Na mimi nilikasirika, enhe, tena sana, kwa sababu ile ilikuwa kazi ya mikono yangu. Alipofika katikati ya maji nilimfokea, "Nitaishona tena!" Akageuka akanijibu, "Shona, fundi wa njaa!"

Niliishona tena mchana uleule.

Walivuta siku nne kila wiki. Vidagaa vilianikwa, vikakauka, vikapelekwa kwenye mashine ya kusaga mahindi, na hapo vita ikazuka kivyake, maana unga wa watu ulinuka. Wanawake walimvamia mwenye mashine: "Ugali wetu unanuka nyoka!" Mama mdogo alirudi nyumbani akiwa ametukanwa njia nzima, akanimwagia mimi yote, kana kwamba mimi ndiye niliyemuumba samaki. Lakini kuku walitaga, mayai yalikuwa na kiini cha rangi ya chungwa, na baba mdogo akaanza kuitwa mjasiriamali. Alikuja mgeni wa kwanza, wa pili, sebule ikapata makochi. Nikilala stooni nilisikia kila neno kupitia mbao. Walizungumza habari za kuku, za kanisa, za nani anamwoa nani. Bwawa hawakulitaja kabisa.

Miezi ya baridi ilipofika, Mlima Meru ukijifunika mawingu wiki nzima na sisi tukiota moto wa magunzi, nilianza kuona bwawa limenyamaza. Wale ndege weusi waliozoea kusimama kwenye visiki wakikausha mabawa walipungua, halafu siku moja visiki vikabaki vitupu. Korongo aliendelea kuja peke yake, anasimama, anatazama, anaondoka. Kwenye ukingo wa tuta palikuwa na mashimo ya wadiria, na nilipopita kwenda kuchota maji nikasikia harufu. Nikachungulia. Makinda yalikuwa yamekufa humo ndani, makavu, midomo wazi. Nilisimama pale na ndoo yangu nikijisemea kwamba ni baridi tu. Nilijua si baridi. Mwaka uliotangulia ulikuwa na baridi vilevile, na watu wote walikumbuka kelele za wale ndege.

"Umeona eh?" Magesa alikuwa nyuma yangu. Nilishtuka nusura nianguke majini. Hakuniuliza hali, hakunipa hata salamu. Alibeba kambare mmoja aliyemshika mkiani, na yule samaki alikuwa na sura mbaya: kichwa kikubwa kama ngumi mbili, mwili mwembamba kama mkanda. Alimlaza kwenye jiwe la kufulia, akampasua tumbo mbele yangu, akanishika kifundo cha mkono kwa mkono wake unaonuka shombo, akaning'ang'aniza nitazame. "Zamani ukimpasua unakuta vidagaa kumi, kumi na tano. Hesabu sasa." Ndani mlikuwa na tope na kipande cha jani. "Mkubwa anakula mdogo. Ndege anakula mdogo. Mimi naishi kwa mdogo. Nyie wala ndizi mnamchota mdogo kwa shuka la kulalia, halafu mtakuja kuuliza wakubwa wako wapi. Wewe una akili, nimekuona unavyotazama. Mwambie baba yako mdogo. Mimi hanisikii." Nikajinasua mkono. Nikamwambia, "Wewe mwenyewe hujui kuongea na watu." Akasema, "Ndiyo maana nakwambia wewe."

Sikumwambia baba mdogo. Nilifika mlangoni mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa na wageni. Mara ya pili alikuwa peke yake, anakunywa uji, akaniona nimesimama, akasema kwa furaha, "Njoo, njoo. Nimeagiza mkanda mpya wa cherehani yako." Yako, alisema. Nikajibu asante, baba mdogo. Nikarudi stooni.

Kabla ya mvua za vuli watu waliokuwa wakila kambare walianza kulalamika kwamba hawapatikani, na wakipatikana ni vichwa vitupu. Maneno yakaanza kutembea. Jioni moja mwenyekiti wa kijiji alikuja sebuleni, nikasikia vikombe vinawekwa, nikasikia mama mdogo anamkaribisha maandazi ambayo mimi sikuwa nimeonjeshwa. Mwenyekiti akasema watu wanauliza samaki wamekwenda wapi, na wengine wanataja neti. Baba mdogo hakupandisha sauti. "Tufikiri kama watu wazima," akasema. "Neti inatoa wadudu. Ndoana inatoa samaki. Miaka yote hii mzee wa Ukerewe anatoa wakubwa, wawili watatu kila siku. Sasa wameisha, nani kawamaliza?" Mwenyekiti akatafuna, akasema, "Hiyo ina maana." Na msinielewe vibaya, baba mdogo hakuwa anapanga uongo. Nilimsikia sauti. Aliamini. Sote tungeamini, kwa jinsi tulivyokuwa tunamhesabu samaki. "Tena muulizeni binti," akaongeza, "ndiye anayechambua kila tunachovuta."

Mkutano ulifanyika shuleni, kwenye darasa la wakubwa, watu wazima wamejibana kwenye madawati, wengine madirishani. Magesa alisimama ukutani, amevaa koti. Sikujua ana koti. Hoja ilisomwa: ndoana zimemaliza samaki wa kijiji, na mwenye ndoana si mzaliwa. Hakuna aliyemtetea, na nani angemtetea? Kila mtu mle ndani alikuwa na tusi lake alilowahi kupewa naye. Alipopewa nafasi alianza vizuri, akasema neti inaiba chakula cha samaki, lakini watu walipocheka akashikwa na hasira, akawaita wajinga wasiojua hata kunawa shombo, na darasa zima likamzomea. Ndipo mwenyekiti akaniita mbele.

"Binti, wewe ndiye unayeshona neti na kuchambua turubai. Sema ukweli mbele ya watu. Tangu muanze, umewahi kuona kambare mkubwa amenaswa kwenye ile neti?"

"Hapana."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Ilikuwa kweli tupu. Ningeweza kuiapa kwa Biblia. Magesa akapiga kelele kutoka ukutani, "Muulize wanakula nini! Elinami, waambie ulichokiona tumboni!" Ile ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kulitamka jina langu. Mwenyekiti akamwambia akae kimya, hajapewa nafasi, halafu akanigeukia: "Una la kuongeza?" Nilikuwa nalo. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikamwona baba mdogo dawati la mbele ananitabasamia kwa upendo, kweli kabisa kwa upendo, na mama mdogo pembeni yake amekunja mikono, ananisubiri nikosee ili ile cherehani ibaki nyumbani kwake. Nikasema sina. Nikarudi kukaa. Walimpa Magesa siku saba.

Aliondoka siku ya tano. Nilikuwa dirishani nashona alipopita na furushi lake, ndoana zimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Nilijiandaa kwa matusi, wallahi niliyataka, maana ningepata cha kumrudishia. Alisimama, akaitazama neti iliyokuwa chini ya sindano yangu, akasema taratibu, "Umejibu vizuri." Akaenda zake kuelekea barabara kubwa. Sikuwahi kusikia habari zake tena, na sikuwahi kuuliza.

Kambare hawakurudi baada ya mwenye ndoana kuondoka, na hilo hakuna aliyelisema kwenye mkutano wowote. Baba mdogo aliendelea kuvuta hadi neti ikawa inarudi na majani, akarudi kununua dagaa wenye mchanga. Mbu waliongezeka mwaka ule, kila nyumba ina mgonjwa, na vyandarua tulivyovigeuza neti viko bwawani. Nilicheka peke yangu stooni kwa uchungu. Januari nikapandisha cherehani kwenye pikapu ya mayai nikaja nayo mjini. Ninayo hadi leo, pale dukani kwangu Kwa Mrombo, na mafundi vijana wenye za umeme wanaitania kwamba ni bibi yao.

Kwaya ilimaliza. Mwongoza ratiba akaniletea kipaza sauti, akaninong'oneza, "Dakika mbili tu, mama." Nilisimama. Mwenyekiti wa zamani alikuwa kiti cha mbele, mzee sasa, mkongojo katikati ya magoti. Mama mdogo alikuwa pembeni ya jeneza na kitenge cheusi kichwani. Nilikuwa nimejiandaa kusema ya kawaida, alitupenda, Mungu amempenda zaidi. Mdomo ukakataa.

"Shikamooni wazee," nikasema. "Mwaka ule mwenyekiti aliniuliza kama kambare mkubwa aliwahi kunaswa kwenye neti yangu. Nilisema hapana. Akaniuliza kama nina la kuongeza, nikasema sina. Nilikuwa nalo. Kambare hakunaswa, lakini alikuwa anakufa njaa. Sisi tulikuwa tunamtolea chakula, chake na cha ndege, na mimi nilimwona tumbo limepasuliwa, halina kitu. Mzee Magesa alitwambia kweli, tukamfukuza. Bwawa hili halikutunzwa. Ndilo nililotaka kuongeza."

Mwenyekiti wa zamani alitazama ncha ya mkongojo wake. Joi alishusha zile karatasi zake mbili. Mwongoza ratiba akanipokonya kipaza sauti, akasema tumshukuru mama yetu, majonzi yana njia nyingi, akaiashiria kwaya. Kabla hawajaanza, mama mdogo aliinua uso. Hakuwa analia. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ile ya mlangoni na beseni la kunde, na hakuhitaji kipaza sauti.

"Elinami," akasema, "na cherehani uliichukua."

"Niliichukua, mama mdogo," nikasema.

Nikakaa. Yule mama wa pembeni alininyooshea mkono, nikamrudishia leso yake. Jumatatu nilifungua duka saa mbili kama kawaida, na kulikuwa na sare za shule za kumalizia, kwa hiyo nilikaa kwenye ile cherehani ya mama mdogo nikashona.